Maji ya Pipa la Akiba

Shuleni kwetu, njia ya Lukozi,
Lushoto.
12 Agosti 1974

Kwa ndugu yangu Shabani bin Mtoi,
Bungu, Korogwe.

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Mimi niandikaye ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu, na wa nyumbani kwangu wote ni wazima, isipokuwa kifua changu ambacho wewe unakijua: baridi ya mwezi wa saba ikishuka kutoka Magamba hukitafuta hiki kwanza kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Nataraji nawe huko Bungu hujambo, na shemeji Mwanaidi hajambo, na watoto wote. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia huko mvua imewapa mahindi machache. Huku nako ni hivyo hivyo, ila maharage yamekubali, alhamdulillahi, hatulali njaa.

Hamida anakusalimu sana. Kila lori la ushirika likipiga honi pale kwenye kona, husimama na mwiko mkononi, kisha hukumbuka na kukaa. Wewe ulikuwa ukipiga tatu fupi. Huyu Rajabu aliyepewa lori lako hupiga moja ndefu kama anayefukuza ng'ombe kwenye shamba la watu. Ni kijana mzuri lakini, na barua hii nimempa yeye aipitishe Korogwe, pamoja na kifurushi kidogo ambacho nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma.

Najua ulipoona mwandiko wangu ulitaka kuiweka kando. Sitakulaumu. Sisi tuliingia jando siku moja, tukalala kibanda kimoja, na tangu mwezi wa pili mwaka huu sijakuletea hata salamu ya mdomo. Nakuomba uisome mpaka chini, hata kama utaisoma umesimama. Ni habari za lile tangi, na za siku ile walipokuvunjia heshima mbele ya watu nami nikiwa nimekaa pale. Nitaanza mwanzo ingawa mengi unayajua, kwa sababu nimeona nikilieleza jambo hili nusunusu, ile nusu huwa inanipendelea mimi.

Unakumbuka Mwalimu Darweshi alivyokuja kutoka Tanga na ile hamu yake. Alisema ni aibu mtoto wa Usambara amalize shule akijua bahari kwa kuchorewa ubaoni tu. Mkuu wa shule akamwambia bahari haipandi mlima, na kwamba elimu ya kujitegemea ni jembe na kabichi. Mwalimu akajibu kwa adabu zake zile za pwani kwamba kama kabichi zinaweza kushuka Tanga kila juma, basi bahari nayo inaweza kupanda, maana lori hurudi tupu. Mkuu akacheka, na mtu akishacheka amekwisha kukubali. Ndipo wewe ukaingia katika jambo hili, na mimi nikaitwa kujenga.

Nilijenga tangi lile kwa mkono wangu, Shabani. Kina chake ni zaidi ya kimo changu, yaani mimi nikisimama ndani na kunyoosha mkono, vidole tu ndivyo vinatoka juu. Mwalimu alitaka kina kirefu hivyo ili watoto waone kwamba bahari ina chini. Tukalijenga mgongo kwa mgongo na jiko la shule, ili meko ya Marta yaupashe ukuta wake usiku na mchana, maana alisema viumbe vile haviwezi baridi yetu. Marta alilalamika. Alisema amepika miaka tisa kwa ajili ya wanafunzi, sasa anaambiwa apikie mawe. Lakini makaa hakuyazima. Na upande wa mbele nikaweka kile kioo kinene kama kidole gumba, si kikubwa, sawa na meza ya mwanafunzi, chini kabisa, watoto wachuchumae watazame.

Ukaleta maji. Safari tatu, mapipa kumi na tano kila safari, yale mapipa yaliyokuwa ya mafuta ya nazi. Ulituambia unavua viatu, unakunja suruali, unaingia mpaka kiunoni unajaza kwa ndoo, na watoto wa Tanga wanakuuliza kama kwenu mlimani hakuna maji. Tulicheka sana siku ile. Safari ya tatu mapipa kumi na manne yalitosha, tangi likajaa, na moja likabaki, tukaliweka nyuma ya stoo liwe la akiba. Mwalimu akaleta matumbawe yake kwenye beseni na magunia yaliyoloweshwa, na samaki kumi na wawili wa rangi. Watu walikuja kutoka Lukozi, wengine kutoka Kwai, kuja kuona mawe yanayokula. Mzee mmoja alichuchumaa pale kiooni saa nzima, akainuka akasema yeye amekwisha kwenda Tanga mara nne na hajaona haya, kwa hiyo huenda Tanga aliyokwenda ilikuwa nyingine.

Sasa shida ilikuwa mwendo wa maji. Mwalimu alinieleza kwa uvumilivu, mimi mwenye darasa la nne. Alisema tumbawe ni mnyama aliyeota mahali pake, hawezi kwenda kutafuta chakula wala kuondoka penye uchafu, kwa hiyo ni lazima maji yamletee na maji yamwondolee. Tulikuwa na pampu ya umeme, na jenereta ya shule huwaka kwa muda wa saa tatu tu kila jioni. Hata ilipowaka, Shabani, maji ya juu yalicheza vizuri, ukitazama unafurahi, lakini huku chini penye kioo palikuwa pamelala. Nilidondosha uzi mwekundu wenye kijiwe nipate kuona. Juu unapepea, chini umesimama kama msumari. Wanafunzi wakapangiwa zamu ya kukoroga kwa mti mrefu. Walikoroga kama wanaosonga ugali, wakavunja tumbawe moja na kuwatia samaki wazimu, tukaacha.

Wiki ile ile Mwalimu akaitwa Tanga kwenye msiba wa shangazi yake. Akaniachia ufunguo na neno moja. Aliporudi siku ya nne, samaki walikuwa wanaelea na matumbawe yametoka utelezi mweupe kama makamasi. Alitia kidole majini akakionja. Akaonja tena. Akasema haya ni maji ya chumvi nusu.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, lakini acha niyaandike ili nayo yawe na shahidi. Jumapili ile tukakaa kwenye ukumbi, mkuu wa shule, Mwalimu, mwenyekiti wa ushirika, wazazi kama ishirini, wewe na mimi. Mwalimu hakukutukana, alisema tu kwamba safari mbili za kwanza uliyaleta ya bahari, na safari ya tatu huenda ulichoka, ukajaza mtoni pale Mombo kabla ya kuanza kupanda. Uliapa. Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake ya mkutano kwamba dereva anayeghushi maji ataghushi na kabichi, na watu wakacheka. Ndipo ukanigeukia. Ulisema Mbaraka ndiye aliyepokea mapipa, alionja kila safari, mwulizeni yeye. Mimi nikasema niliyapokea lakini sikuyaonja. Wewe unajua na mimi najua kwamba nilionja. Safari ya tatu nilitia kidole, nikatema, nikasema jamani Mungu kaiweka chumvi yote huku, na wewe ukacheka mpaka ukashika mlango wa lori.

Ukasema kuna pipa la akiba nyuma ya stoo, liletwe lionjwe. Mwalimu akanituma. Nikaenda, nikarudi, nikasema pipa ni tupu. Ukaniangalia, ukainama ukafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Siku ya tatu yake ukawapa ushirika ufunguo wa lori, na ilipofika Ijumaa watoto wa njiani walikuwa wamekwisha kukupa jina la Bwana Majibaridi. Ukahamia kwa wakwe zako Bungu bila kuniaga.

Sasa nikupe habari za baadaye, halafu nitarudi hapo, sitapakimbia.

Mwalimu hakukata tamaa. Akaandika barua, akapata matumbawe mengine, Rajabu akaleta maji mapya, na Mwalimu mwenyewe alipanda naye lori akalala juu ya mapipa ili pasiwe na neno. Lakini ugonjwa ulikuwa ule ule: juu panacheza, chini pamelala. Siku ya kumi matumbawe yakaanza kujifunga. Mwalimu alikonda, hakula. Alikaa pale kiooni kama mtu anayeuguza. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa na kidonda ndani yake, kwa sababu unayoijua na nyingine ambayo hujaijua.

Basi siku moja nilikuwa kwenye ndiva yetu ya juu, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji usiku. Unajua tangu mwaka jana wazee walinipa jembe la marehemu baba, nikawa mgawa maji mahali pake. Alfajiri baada ya sala huenda kuzibua. Nimezibua mara ngapi maishani, sijui, lakini siku ile ndiyo nilitazama. Mfereji ukiuacha utiririke wenyewe kidogo kidogo, maji hayafiki shamba la mwisho hata siku moja. Ardhi inayanywa njiani. Ndiyo maana wazee waliyafungia ndivani usiku kucha, na asubuhi wakayaachia yote kwa mkupuo, yakaenda kwa nguvu mpaka kwa mtu wa mwisho kabisa. Nikasimama na jembe langu nikajiambia, Mbaraka, lile tumbawe chini ya tangi ni mtu wa shamba la mwisho.

Nilimweleza Mwalimu, akanishika mabega yote mawili. Alisema hata bahari haitiririki kama mto, huja kwa mkupuo na kurudi. Tukajenga mnara wa mawe kando ya tangi, juu yake tukaweka pipa. Nikatengeneza gurudumu la mbao, nikaliweka kwenye mfereji wa nyuma ya shule. Mfereji unazungusha gurudumu, gurudumu linavuta pampu ya mti na ngozi, na pampu inanyanyua maji ya tangi mpaka kwenye pipa la juu. Usiku na mchana, bila jenereta. Na angalia, tone moja la mfereji haliingii tangini. Linafanya kazi yake nje na kwenda zake.

Ikabaki kitu kimoja: nani atazibua pipa lile kila likijaa? Wanafunzi wana masomo. Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, na nisamehe kwa kukukumbuka kwa sababu ya kazi. Nilikukumbuka umechuchumaa kando ya lori na ule mpira wako, unanyonya petroli mara moja, unatema, unatukana kidogo, unauingiza kwenye dumu, na petroli inakuja yenyewe mpaka ya mwisho bila kuguswa tena. Tukatia mpira mnene ndani ya pipa, umepinda kama shingo ya bata, kona yake juu, na mdomo wake wa nje unashuka mpaka chini kabisa ya tangi. Mara ya kwanza maji yalivuka kona kwa kudondoka tu, tukatafuta mpira mwembamba kidogo. Mara ya pili pipa lilijaa, maji yakafika kwenye kona, yakakohoa, na yote yakashuka kwa mngurumo. Ule uzi mwekundu wa chini uliinuka, ukalala upande mmoja, ukarudi ukalala upande wa pili. Mwalimu Darweshi alilia, Shabani. Mtu mzima, mbele ya wanafunzi.

Sasa ni miezi mitatu. Kila robo saa pipa linajaa na kujimwaga lenyewe. Matumbawe yamefunguka, moja limeota kidole kipya, samaki wanangojea mkupuo na kucheza ndani yake. Wageni wanakuja, mpaka wakubwa wa mkoa wamesema watakuja mwezi ujao, na mkuu wa shule akasema nitasimamishwa mbele yao na kutajwa jina, fundi wa kijiji aliyefanya jambo kwa akili ya kwetu.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Nimerudi sasa pale nilipopaacha.

Neno moja ambalo Mwalimu aliniachia alipokwenda msibani lilikuwa hili: Mbaraka, usiongeze kitu. Siku mbili nilishika. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nimetoka kusali, nikapita kutazama, nikaona matumbawe yamejifunga na utelezi unaanza kuota, na maji yamesimama kimya. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Unajua nilivyolelewa. Baba alituambia maji yaliyosimama yamekwisha kuugua, na dawa yake ni kuyapa maji yanayokwenda. Nilitazama mfereji unapita hatua kumi kutoka pale, safi, baridi, unaimba. Nikachukua jembe la baba, nikafungua ukingo, nikapitisha maji kwenye bomba mpaka tangini. Yalishuka kwa povu zuri, tangi likafurika, likatoka upande wa pili. Niliacha hivyo mchana kutwa na usiku wote. Nilimshukuru Mungu kwa kunionyesha. Nikaenda kulala na furaha.

Wale samaki waliokuwa wanaelea asubuhi yake, niliwaua mimi. Mwalimu alipoonja na kusema chumvi nusu, nusu nyingine niliitoa mimi kwa jembe langu. Maji yako yalikuwa ya bahari, pipa la kwanza mpaka la mwisho.

Ningesema pale pale, yangekwisha. Mwalimu angenikasirikia siku mbili. Lakini nilikuwa na miezi michache tu tangu nipewe jembe la baba, na nikasikia masikioni mwangu watu wakisema, mgawa maji kaua kwa maji. Nikaona haya. Nikajiambia ningoje Mwalimu apoe. Kabla hajapoa akakutaja wewe, na kila nilipochelewa dakika moja, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Na pipa la akiba halikuwa tupu. Niliponyanyua kifuniko lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, nikaonja, nikajua kwamba nikilipeleka ukumbini wewe umesalimika na mimi nimekwisha. Nililisukuma likalala. Maji yakatoka yote kwenye majani, yakanilowesha viatu. Nikalibiringisha kati ya matupu, nikarudi kukuangalia usoni. Marta aliona viatu vimelowa, akauliza kama nimekanyaga mfereji, nikasema ndiyo. Vilipokauka viliota weupe kwenye ngozi, na weupe ule haukutoka kwa kitambaa wala kwa mafuta. Kila sala nimeviacha mlangoni mwa msikiti, na kila nikitoka vilikuwa vya kwanza kuniona. Na pale nyuma ya stoo ukoka ulikufa, duara kama la mkeka. Wanafunzi walipanda viazi, vikageuka manjano. Walimu wakasema ni ugonjwa wa viazi. Nikakubali kwamba ni ugonjwa wa viazi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mpaka leo siwezi kulieleza. Mfukoni mwa koti nilikuwa na kichupa cha dawa ya kifua, kilichokwisha. Kabla sijalisukuma pipa lile, nilikizamisha, nikakijaza, nikakifunga. Sijui mkono wangu ulitaka nini. Nilikificha darini nyumbani, juu ya boriti, na hata Hamida hakukijua.

Juma lililopita nilikishusha. Nilimweleza Hamida kwanza. Hakunigombeza, aliuliza tu kama wewe unajua, nikasema hapana, akasema basi unakaa humu ndani unafanya nini. Nikaenda kwa Mwalimu Darweshi. Alinisikiliza, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha akasema kwa habari ya samaki ameshanisamehe, ila yeye pia alimtuhumu mtu mwema mbele ya watu, na lililosemwa ukumbini halifutwi chumbani.

Kwa hiyo Ijumaa iliyopita, baada ya sala, waliitwa wote waliokaa siku ile. Nilisimama nikayasema haya unayoyasoma, bila kupunguza, nikaweka kichupa mezani. Mwenyekiti wa ushirika akasema huenda nimetia chumvi ya jikoni. Mwalimu akamwambia aonje. Akaonja, akakunja uso, akatema dirishani, akakaa. Aliyezaliwa Tanga pale alikuwa Mwalimu peke yake, naye akaonja, akasema hii ni bahari, ina uchungu wake ambao hakuna jiko linaloweza kuutengeneza. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti kama sasa kabichi nazo zimetakasika. Watu wakacheka, na safari hii hawakukucheka wewe. Mwenyekiti amekuandikia mwenyewe; barua yake Rajabu anayo. Anasema lori ni lako ukilitaka, na Rajabu yupo radhi, atashika lile la Mlalo.

Wazee walikutana Jumamosi kuhusu mimi. Walisema kwa upole kwamba mgawa maji haaminiwi kwa ufundi, anaaminiwa kwa neno lake, maana yeye ndiye anayesema zamu ya nani imekwisha. Nikawapa jembe la baba. Nililipeleka limeoshwa. Nilidhani nitaumia zaidi. Alfajiri ya jana niliamka kwa mazoea, nikatoka mpaka nje, nikakumbuka, nikarudi ndani nikaongeza rakaa mbili.

Nimemwomba pia mkuu wa shule wageni wakija asinisimamishe. Watakaowaeleza wageni ni wanafunzi. Wao tangu niliposimulia habari ya mpira na petroli wamelipa pipa la juu jina lako. Likikaribia kujaa wanakimbilia kiooni wanaita wenzao: njooni, Shabani anamwaga! Lile jina la njiani silisikii tena.

Ndugu yangu, juma lijalo tunaingia mwezi wa jina lako, na baada yake ni mwezi mtukufu. Sikutaka mwezi huo uandame nikafunga mdomo kwa chakula tu, na uongo ule bado umo ndani yake. Nakuomba radhi. Sikuombi urudi, wala sikuombi unijibu upesi, wala sisemi kwamba kwa kuwa nimesema nimelipa. Nilikuona unafunga kamba ambayo haikufunguka, na sitaisahau.

Sasa fungua kifurushi. Ni kile kichupa. Mwenyekiti na Mwalimu wamekionja, kimebaki nusu. Kifungue ukionje, na shemeji Mwanaidi aonje, na watoto wako waonje kila mmoja, ili wajue baba yao alileta nini mlimani.

Nisalimie wakwe zako wote, na wazee wa huko kwa heshima zao. Hamida anaongeza salamu kwa Mwanaidi, na anasema ukoka wa nyuma ya stoo umeanza kurudi pembeni, ameuona kwa macho yake.

Ni mimi, mwenzako wa jando,
Mbaraka Shekivuli